Mashine ya Kupandisha Mizani

Lalla Rhimo aliinua upinde wa rebabu yake, fidla ya kale ya nyuzi mbili, akauacha hewani. Wanawake wakanyamaza mmoja baada ya mwingine, isipokuwa Naziha, ambaye alikuwa ameshatangulia mbali, na tari lake lililia mapigo kadhaa zaidi kabla hajagundua kwamba yuko peke yake.

"Naziha," Lalla Rhimo alisema kwa sauti ya upole, "unakwenda wapi, mwanangu?"

"Nipo hapa, Lalla."

"Hapa tupo sisi. Wewe umeshafika pwani Martil, sasa hivi unaogelea."

Wakacheka wote, na Naziha naye akacheka, ingawa masikio yake yalikuwa yanawaka. Hii haikuwa mara ya kwanza. Kila Jumapili alasiri, kikundi kilipokutana katika ukumbi wa nyumba ya Lalla Rhimo, alianza vizuri, ametulia, mkono mwepesi. Kisha mizani, yaani mwendo wa mapigo, ilipoanza kupanda, alipanda nayo, akaipita, akaiacha nyuma.

Kikundi kile kilikuwa na sauti nyingi na fidla nyingi, lakini tari ni moja. Rebabu ndiyo inayosema twende wapi, na tari ndilo linalosema twende vipi. Kwa miaka mingi tari lilikuwa la Lalla Hnia, na sasa Lalla Hnia alikuwa amehamia Tanja kwa mwanawe wa kiume, na mto aliokuwa akikalia, kuliani kwa Lalla Rhimo, ulikuwa mtupu. Naziha aliutaka mto ule tangu alipokuwa msichana wa kugawa chai katika vikao hivi. Hakuwahi kumwambia mtu, na hapakuwa na mtu asiyejua.

"Maulidi yanakuja," Lalla Rhimo alisema akifuta upinde kwa kitambaa. "Mji mzima utakuwa umekaa mbele yetu. Jumapili ya kwanza baada ya kuchemsha maua ya michungwa, nitawasikiliza wawili, Naziha na Hasnaa. Anayekimbia simpi tari. Anayelala vilevile simpi."

Neno la pili lilimlenga Hasnaa. Hasnaa alifundisha watoto katika shule ya muziki, na mkono wake ulikuwa imara kama msumari uliopigiliwa ukutani. Ulikaa pale pale hata mizani ilipotaka kuondoka.

Walipokuwa wakivaa viatu mlangoni, Hasnaa alimpa Naziha kitu kilichofungwa kwenye skafu. "Chukua metronomu yangu, dada. Iweke dukani kwako. Labda itakufunga kamba mguuni."

"Na wewe utafungwa na nini?"

"Mimi nimeshafungwa. Natafuta wa kunifungua."

* * *

Duka la Naziha lilikuwa la baba yake kabla yake, chumba kimoja kirefu chenye vichwa vya cherehani vilivyopangwa ukutani kama kondoo wanaosubiri kunyolewa. Hakusomea ufundi. Alifungua, akatazama, akafunga, na palipobaki kipande mkononi alifungua tena. Hivyo ndivyo alivyojifunza, na hivyo ndivyo alivyofanya kila kitu.

Asubuhi ya Jumatatu aliiweka metronomu mezani. Ilikuwa kijumba cha mbao chenye umbo la piramidi, na fimbo yake ikayumba huku na huku: tak, tak, tak. Akaimba nayo wimbo wa kwanza wa Basiti, ule mfululizo wa nyimbo za mapigo sita, akiupiga kwa kiganja juu ya kiganja, kama walivyofundishwa wote utotoni. Ilikwenda vizuri. Wimbo wa pili, akaanza kusikia inamvuta nyuma. Kufikia wa tatu, ilikuwa kama kusafiri na mtu anayekataa kutoka mlangoni kwake.

Maana Basiti haikai. Inaanza kama bwana mzee anayekwenda msikitini na muda anao, na inaishia kama watoto waliofunguliwa shule, na kati ya pale na pale hapana mahali ambapo msikilizaji anaweza kunyoosha kidole aseme, hapa ndipo walipoongeza. Kuna sehemu mbili tunazoziita madaraja, ambapo mapigo yanakuwa mepesi na kubadili nguo, lakini hata juu ya madaraja mtu hapaswi kuhisi ngazi. Naziha alisogeza kile kizito kwenye fimbo ili iende haraka zaidi. Ikaruka. Akasogeza tena, ikaruka tena. Ngazi, ngazi, ngazi.

Aliiweka kando akarudi kwenye kazi. Mezani palikuwa na cherehani ya mshonaji mmoja wa mtaa wa Trankat, yenye mota pembeni, na kwenye mota gurudumu lenye mifereji miwili: mdogo wa kushonea polepole, mkubwa wa kushonea haraka. Akauondoa mkanda kwenye mfereji mdogo akauvalisha kwenye mkubwa. Alikuwa amefanya hivyo mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka. Akawasha. Sindano ikashika kasi mpya.

Mkono wake ukabaki kwenye swichi.

Mdogo, polepole. Mkubwa, haraka. Na hapa katikati, mtu akipaondoa ngazi? Gurudumu likiwa si mifereji miwili bali mteremko mmoja mrefu, mwembamba mwisho huu na mnene mwisho ule, na mkanda ukisukumwa juu yake kidogo kidogo?

Akatoka dukani. Alifika hadi kwenye kisima akakumbuka hajafunga mlango, akarudi, akafunga, na safari hii akakimbia kweli.

Mfaddal, mkereza mbao, alikuwa amekaa chini mbele ya kerezo lake, mguu mmoja umeshika patasi, akichonga mguu wa meza. Alikuwa binamu yake upande wa mama na alimjua tangu wakiwa na meno ya utotoni.

"Nataka pia," Naziha alisema akihema.

"Ya kucheza? Kwa umri huu?"

"Pia ndefu. Kama hapa kwenye kiwiko hadi huku kwenye vidole. Kichwa chembamba, tako nene, na pasiwe na ngazi popote. Nikipitisha ukucha usikwame."

Mfaddal akamtazama, kisha akamtazama tena. "Inafanya nini?"

"Inakimbia polepole."

"Mashallah. Ikishindikana nipe mimi, mama mkwe wangu anakuja wiki hii, nitamfunga nayo."

Lakini alishachukua kipande cha mlimau na kukigonga kwa kidole asikie kama kimekauka.

* * *

Ilichukua siku kadhaa za kufungua na kufunga. Mota ya cherehani ndiyo iliyoizungusha pia ya Mfaddal. Mkanda ulitoka kwenye pia ukaenda kuzungusha kigogo cha duara ambacho Naziha alikipigilia misumari, na misumari ile ilipokuwa inapita iliinua vinyundo viwili: kimoja kikiangukia ngozi, dum, kingine kikiangukia mbao, tak. Kigogo kilipozunguka mara moja, Basiti ilikuwa imekamilisha mapigo yake sita. Pembeni palikuwa na parafujo ndefu iliyobeba uma mdogo wa chuma, na uma ule ndio ulioushika mkanda na kuuongoza juu ya pia, kutoka kwembamba kwenda kunene. Mkanda wa kwanza ulikuwa ule wa mviringo wa cherehani, ukateleza. Akaukata mwingine, bapa, kutoka kwenye ngozi laini aliyoipata kwa washona viatu vya kienyeji. Huo ulishika.

Ilipowaka kwa mara ya kwanza bila kuzimika, ilipiga Basiti ya polepole, nzito, kisha Basiti isiyo nzito sana, kisha nyepesi, na yeye akiwa amesimama katikati ya duka amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Mama yake, aliyekuwa ghorofani juu ya duka, aligonga sakafu kwa ufagio akauliza nani anaolewa.

Ikabaki swali la umbo. Pia ya Mfaddal ilikuwa imenyooka kama paa, na mizani haipandi kama paa. Inakaa kwanza, halafu inaamka. Basi akatafuta kipimo. Alikuwa na kaseti aliyoipenda kuliko zote, ya kikundi chao wenyewe, Lalla Rhimo na Lalla Hnia wakiwa bado na nguvu za ujana, iliyorekodiwa redioni. Kila nyumba ya Tetuani ilikuwa nayo.

Akafanya hivi: akaingiza utepe mrefu wa kitambaa kwenye cherehani ya mota, isiyo na uzi wala sindano, ili meno yake yauvute utepe kwa mwendo ule ule bila kubadilika. Akafungua kaseti. Kila Basiti ilipokamilisha mzunguko, alidonoa utepe kwa chaki ya fundi nguo. Mwanzoni alama zilikaa mbali mbali. Taratibu zikakaribiana, zikabanana, na mwisho zikawa kama punje za ufuta juu ya mkate. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliiona mizani kwa macho. Aliutandaza utepe sakafuni, akatembea juu yake bila viatu kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akarudia.

Kwa kugeuzageuza rula ile iliyopinda ya washonaji ya kukatia kwapa, akachora umbo kutoka kwenye alama, akampelekea Mfaddal. Pia ya pili ilitoka imebonyea kiunoni halafu ikafutuka ghafla.

"Hii imekula kunde," Mfaddal alisema.

Akaibeba mashine kwenye mkokoteni hadi kwa Lalla Rhimo. Hakuweza kusubiri Jumapili.

Lalla Rhimo alikuwa peke yake, anakunywa chai. Aliizunguka mashine mara mbili, akagusa vinyundo, akatikisa kichwa kwa namna ambayo Naziha hakujua kama ni nzuri au mbaya. "Iwashe tuone."

Mashine ikaanza. Lalla Rhimo akaanza kuimba nayo kwa sauti ya chini, kiganja juu ya kiganja, na uso wake ukafunguka. Akaimba wimbo wa kwanza. Akaimba wa pili. Walipofika daraja la kwanza akainua nyusi. Baada ya daraja akawa anakimbilia maneno, akameza mstari mzima, akakosa pumzi, akaacha.

"Hii umeipima wapi?"

"Kwenye kaseti yenu, Lalla. Ile ya redio."

Lalla Rhimo aliweka bilauri ya chai chini kwa uangalifu, kisha akacheka hadi skafu ikamwanguka mabegani.

"Sikiliza, mwanangu. Siku ile nyuma ya kioo alikuwepo kijana mmoja wa masharubu. Tumefika daraja la kwanza, naona anazungusha mkono hivi. Mimi nikadhani amefurahi. Kumbe taarifa ya habari imekaribia na sisi bado tuna nyimbo tele. Hnia akanitazama, nami nikamtazama Hnia. Tukatimua mbio. Watu wakasema, wanawake wa Tetuani wamepiga kwa moto. Moto gani? Tulikuwa tunaikimbia taarifa ya habari."

Naziha hakucheka. Alikaa kwenye ukingo wa godoro akiangalia mikono yake.

"Mimi nimejifunzia tari kwa kaseti hiyo," alisema. "Tangu nilipokuwa msichana. Kila siku nikirudi shule."

Lalla Rhimo aliacha kucheka. Alimtazama muda mrefu, kama mtu anayesoma tena kitu alichodhani amekielewa.

"Na mimi kila Jumapili nakuuliza unakwenda wapi," alisema polepole. "Ulikuwa unakwenda pale nilipokupeleka." Akammiminia chai. "Njoo siku ya maua, na hiyo cherehani yako. Siku ile hakuna saa wala kijana wa masharubu. Hapo ndipo utapima."

* * *

Siku ya maua ya michungwa uwanja wa ndani wa nyumba ya Lalla Rhimo ulikuwa mweupe. Mashuka yalitandazwa, magunia yakamiminwa, na wanawake wakakaa kuzunguka, wakitenganisha maua na majani, huku mtungi wa shaba ukichemka pembeni na mvuke wake ukidondoka tone kwa tone kwenye chupa. Harufu iliingia hadi kwenye meno.

Naziha aliiweka cherehani yake kwenye kona. Wakamtania kwamba amekuja kumshonea mchungwa kanzu. Kisha mmoja akaanza kuimba bila kuambiwa, kama ilivyo kila mwaka, na wengine wakamfuata, wengine wakipiga viganja, wengine wakipiga magoti, mikono imejaa maua. Basiti nzima, bila ala hata moja. Hapakuwa na mtu wa kuwaongoza. Naziha aliwasha, utepe ukaanza kutembea, naye akadonoa, akadonoa, hakuinua kichwa.

Alipofika nyumbani aliutandaza utepe huu kando ya ule wa kaseti. Haukufanana nao hata kidogo. Alama zilikaa mbali mbali kwa muda mrefu sana, kuliko alivyowahi kuthubutu yeye. Zikaanza kusogeleana kwa kiasi ambacho jicho halikukishika mpaka lirudi nyuma. Na kwenye madaraja, pale alipokuwa akiamini tari linapaswa kuruka, hapakuwa na kitu chochote. Mteremko uliendelea tu. Akakaa chini sakafuni katikati ya tepe mbili, akicheka peke yake.

Mfaddal aliikereza pia ya tatu. Ilikuwa ndefu, tulivu, ikinenepa bila kuonyesha ni wapi imeanza. Alipomaliza aliipitisha mkononi mara kadhaa.

"Hii haijala kunde," alisema. "Hii ni mtu mzima. Niambie kama mnataka nyingine."

Mashine sasa ilipiga kama inavyopaswa. Naziha alijua hilo kwa sababu alipoimba nayo pumzi haikukatika. Lakini alipochukua tari na kupiga pamoja nayo, alifika daraja la kwanza akiwa nayo sawa, na la pili akiwa mbele yake. Alirudia asubuhi kabla ya kufungua duka. Alirudia wakati wa chakula. Utepe ulikuwa unajua, pia ilikuwa inajua, vinyundo vilikuwa vinajua, na mkono wake ulikuwa bado unaikimbia taarifa ya habari. Jumapili ilikuwa kesho kutwa.

Ijumaa jioni Hasnaa alisimama mlangoni. "Nasikia umetengeneza mnyama."

Naziha alisita. Tari ni moja, na aliyesimama mlangoni ndiye mwingine. Kama alikuwa na shida ya kulala, mashine hii ingemwamsha. Wazo hilo alilitazama, hakulipenda, akaliacha lipite.

"Ingia. Usiguse uma, nimeupaka mafuta."

Hasnaa alikaa na tari lake akapiga na mashine kutoka mwanzo. Alipofika pale ambapo siku zote alibaki nyuma, mkono wake ukasita, ukasikiliza, ukapanda. Akafumbua macho makubwa. "Nimeondoka," alisema. "Naziha, nimeondoka mlangoni." Akapiga tena kuanzia pale, na tena, akiwa mwekundu usoni kama msichana wa harusi.

Waliporudisha mkanda mwanzo ili waanze upya, uma ulikwama. Naziha aliufungua kutoka kwenye parafujo autazame. "Zima mota," alisema, lakini Hasnaa hakuwahi.

Bila uma wa kuushika, mkanda haukubaki pale ulipokuwa. Ulijitikisa kidogo juu ya pia, kisha ukaanza kupanda wenyewe. Hakuna aliyeusukuma. Ulitoka kwembamba ukaenda kunene, haraka, kwa hamu, na vinyundo vikaanza kugonga kama mvua ya mawe mpaka Hasnaa alipoivuta waya ukutani.

Wakatazamana, kisha Hasnaa akaangua kicheko. "Kumbe mnyama wako anakimbia kama wewe."

"Ndivyo mkanda bapa ulivyo," Naziha alisema akiinama kuutazama. "Hupenda upande mnene. Nilidhani uma ndio unaoupandisha..."

"Na kumbe?"

"Kumbe uma unauzuia. Mkanda unapanda wenyewe. Kazi ya uma ni kuuambia subiri, subiri, haya kidogo, subiri." Akarudia polepole, si kwa Hasnaa. "Unapanda wenyewe."

Alikuwa ameshika ule uma mdogo wa chuma, mafuta yanamchuruzika mkononi. Aliwaona wanawake uwanjani, mikono imejaa maua, hawana tari, na Basiti inapanda. Maisha yake yote alikuwa akiwasukuma watu waliokuwa tayari wanapanda.

"Naziha? Unaumwa?"

"Chukua tari lako, dada," Naziha alisema. "Imba. Imba kama huna habari na mimi."

* * *

Jumapili ukumbi ulijaa. Habari za mashine zilikuwa zimesambaa kila mahali, na hata majirani wasiopiga chochote walikuja wakakaa kwenye ngazi. Lalla Rhimo aliitaka mashine iwashwe kwanza, mara moja, wote waisikie. Wakaimba nayo wimbo mzima wakishangilia kama wako harusini, na bibi mmoja wa fidla akauliza kama inaweza kufundishwa kupika. Kisha akaamuru izimwe ipelekwe nje.

"Sasa tunataka watu," alisema.

Hasnaa alianza. Alipiga vizuri kuliko alivyowahi kupiga. Alipanda, na kila mtu aliona anapanda, wengine wakatikisa vichwa kwa furaha. Kwenye daraja la pili tu palikuwa na kitambo kidogo ambapo waimbaji walimgeukia wajue wanaingia lini. Akawaingiza, wakamaliza, wakampongeza, naye akarudi ukutani akipuliza vidole vyake.

Kisha Naziha. Tari lilikuwa baridi mkononi. Alilipasha moto kidogo juu ya mkaa wa birika la chai, ngozi ikakaza, akakaa.

Lalla Rhimo akavuta upinde. Basiti ikaingia, nzito, na Naziha akaiacha iwe nzito. Wimbo wa kwanza. Wa pili. Alisikia, na alishangaa kwamba hakuwahi kusikia kabla, jinsi sauti zile zote zilivyokuwa zikimwegemea. Wanawake walitaka kwenda. Walitaka tangu mstari wa kwanza, kila mmoja kidogo, na vile vidogo vyote vilimjia mgongoni kama kundi la watu wanaosukuma mlango. Aliushika mlango. Akaufungua unene wa kidole. Akaushika.

Daraja la kwanza likaja na mwili wake wote ukataka kuruka. Hakuruka. Aliyapunguza mapigo yawe mepesi, akawaacha waimbaji wapite juu yake, na walipokuwa wamepita aliwakuta mbele kidogo tu ya pale alipowatarajia, akajiunga nao. Lalla Rhimo alimtupia jicho moja. Fidla zikaanza kuwa na moto, moto wa kweli. Mtu fulani nyuma alianza kupiga vigelegele, vikapanda hadi kwenye dari ya vigae. Hapo zamani angekuwa ameshafika baharini. Mkono wake uliuma kwa kuzuia, jasho likamtiririka kisogoni, na alikuwa na furaha kubwa kiasi kwamba aliogopa itamtoka mdomoni.

Daraja la pili. Bibi mmoja mwenye pumzi fupi alichelewa kumalizia mstari wake, na Naziha akamngoja, nusu ya nusu ya pigo, bila mtu kumwomba. Kisha hapakuwa na cha kuzuia tena. Akaachia. Walikwenda wote kwa pamoja, rebabu, fidla, sauti, tari, hata majirani kwenye ngazi, na hakuna aliyekuwa mbele na hakuna aliyekuwa nyuma, mpaka Lalla Rhimo alipoukata mwisho kwa upinde kama mtu anayekata uzi kwa meno.

Kelele zilichukua muda kutulia. Lalla Rhimo hakuweka upinde chini. Alisubiri, akapangusa jasho la midomo kwa mgongo wa mkono.

"Hasnaa, mwanangu," alisema, "ulitupandisha vizuri sana. Maulidi ni marefu, utampokea huyu akichoka."

"Nitampokea, Lalla," Hasnaa alisema. Alivuta pumzi, kisha akaongeza, "Ila mashine inalala kwangu, siku moja moja. Hilo nalitaka mbele ya mashahidi."

"Umelipata. Naziha, sogea."

Alionyesha kwa kidevu mto uliokuwa kuliani kwake. Naziha aliinuka akiwa na tari kifuani, akapita katikati ya magoti ya watu, akakaa. Alifungua mdomo aseme neno, na macho yake yalikuwa yameshajaa.

"Baadaye," Lalla Rhimo alisema. "Sasa Quddamu."

Na upinde ukashuka kwenye nyuzi. Ilikuwa mizani nyingine kabisa, fupi, yenye mapigo matatu, na Naziha hakuwa na utepe wake wala pia yake. Fidla ziliingia, sauti zikaingia. Alisikiliza wanavuta upande gani, akapiga.